Tarehe Saba, Mwezi wa Tano

Saa tatu asubuhi ya Jumatano, tarehe 21 Mei, mama mmoja mjamzito aitwaye Rawan aliweka simu yake juu ya kaunta ya mapokezi, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Jamani, hebu someni meseji yenu," alisema. "Mnaniambia nirudi kliniki tarehe sita Novemba. Mimi najifungua mwezi wa saba. Hiyo Novemba si mtoto atakuwa anajaribu kukaa?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Sista Benedikta, muuguzi mkuu, naye akacheka, akasema kompyuta hizi nazo zina mambo. Anfal, aliyekuwa nyuma ya kaunta, hakucheka. Aliichukua ile simu, akasoma meseji mara mbili, kisha akaomba kadi ya kliniki. Kwenye kadi, kwa mwandiko wa daktari, iliandikwa 11 Juni. Akageukia kompyuta na kulitafuta jina la Rawan. Mfumo ulisema 2025-11-06.

Akamrudishia Rawan simu na kadi.

"Dada, fuata kadi," alisema. "Tarehe kumi na moja mwezi wa sita. Meseji imekosea, utusamehe."

"Nilijua tu," Rawan akajibu, akaenda kukaa, akijipepea na kadi yake.

Anfal binti Ubeid alikuwa na miaka ishirini na sita. Alizaliwa na kukulia hapo hapo Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, kwenye nyumba ambayo chini ni duka la mapazia la baba yake na juu ndiko kwao. Babu zake walitoka Hadhramaut, na katika ukoo wao kila mtu alikuwa mtu wa duka. Yeye akasomea kompyuta. Kliniki ya Tulizo, kliniki ndogo ya kina mama iliyoko juu ya maduka ya vyombo karibu na Mtaa wa Msimbazi, ilikuwa imemwajiri mwaka uliopita kwa kazi mbili: kukaa mapokezi, na kuhamisha kumbukumbu za zamani kuziingiza kwenye mfumo mpya unaowatumia wagonjwa meseji wenyewe.

Kumbukumbu za zamani zilikuwa faili za maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila mgonjwa na kila miadi: jina, namba ya simu, tarehe ya kurudi. Mistari zaidi ya elfu kumi na moja. Tarehe ziliandikwa kwa mikwaju, vile vistari vya mshazari kati ya namba, kama watu wanavyoandika. Mfumo mpya ulitaka uanze mwaka, ufuate mwezi, kisha siku. Hakuna ambaye angekaa kubadilisha mistari yote hiyo kwa mkono. Anfal aliandika skripti, yaani amri chache ambazo kompyuta huzifuata mstari baada ya mstari: chukua tarehe, ikate kwenye mikwaju, namba ya kwanza ni siku, ya pili ni mwezi, ya tatu ni mwaka, zigeuze. Hiyo ilikuwa Jumatano ya mwisho ya Aprili. Skripti ilikimbia sekunde tatu, ikagoma kwenye mistari mia sita hivi. Ilikuwa imekutana na mwezi wa ishirini na tatu, mwezi wa kumi na tisa, miezi isiyokuwepo duniani.

Alipoitazama ile mistari aliona siku na mwezi vimepishana. Akadhani ni watu tu wameandika ovyo. Akaongeza sharti moja: namba ya pili ikizidi kumi na mbili, ihesabu hiyo kuwa siku. Akaiendesha tena, na safari hii haikugoma hata mara moja. Alifurahi. Alikwenda kunywa chai.

Sasa, wiki tatu baadaye, akiwa na kadi ya Rawan bado machoni, aliona alichokuwa hakukiona siku ile. Mistari yote iliyogoma ilitoka kwenye mashine moja tu, mashine ya ultrasaundi, ambayo ilinunuliwa ikiwa imeshatumika nje ya nchi na ambayo huandika mwezi kwanza. Daktari akimaliza kumpima mama, tarehe ya kurudi aliiingiza humo humo. Skripti ilikuwa imerekebisha zile tarehe zisizowezekana tu. Lakini tarehe ambayo siku yake ni kumi na mbili au chini ya hapo husomeka vizuri kokote utakakoanzia. 06/11 inaweza kuwa tarehe sita Novemba, inaweza kuwa tarehe kumi na moja Juni. Kompyuta haikuwa na sababu ya kugoma. Ilizipitisha kimya kimya zikiwa zimepinduka, na meseji zikaenda.

Alisimama. Akakaa. Akasimama tena, akaenda mpaka kwenye ngazi, akarudi. Mama mmoja alimwuliza foleni imefika namba ngapi, naye akamjibu namba isiyo yake.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuzitafuta faili za asili. Hazikuwepo. Siku ile, kwa haraka, aliiamuru kompyuta iandike mabadiliko juu ya faili zile zile bila kuacha nakala, na kumbukumbu ya mashine nayo aliisafisha mwenyewe ili ipate nafasi. Alibonyeza hapa na pale, akafungua folda zote za kompyuta, akijua kabisa kwamba hatakuta kitu.

Ndipo mawazo ya kujificha yakamjia. Pale kliniki hakuna mwingine aliyejua skripti inafanyaje kazi. Angeweza kurekebisha tarehe za mbele taratibu, akatuma meseji moja fupi ya marekebisho ya miadi, na watu wangesema ni mtandao. Alitoka tena kwenye ngazi. Chini vijana walikuwa wakinadi chupa za chai na sahani, mkokoteni umekwama katikati ya njia, kila mtu akimpigia mwenzake kelele apishe. Alishika reli ya ngazi akawaza juu ya tarehe za mbele. Halafu akawaza juu ya zile za nyuma. Kama kuna mama ambaye siku yake ya kweli imeshapita, na yeye yuko nyumbani ametulia kwa sababu simu imemwambia atulie?

Alirudi ndani moja kwa moja mpaka chumba cha sindano.

"Sista, naomba tuongee. Tufunge mlango."

Sista Benedikta alikuwa mtu wa Masasi, mwenye miaka hamsini na kitu, na wasichana wote wa kliniki aliwaita wanangu. Alimtazama Anfal usoni, akaweka chini trei.

"Kuna nini? Mbona umepauka hivyo?"

"Ile meseji ya Rawan. Siyo ya Rawan peke yake. Nimepindua tarehe za watu, Sista. Siku nimeifanya mwezi, mwezi nimeufanya siku. Ni mimi, siyo kompyuta."

"Wangapi?"

"Sijui."

"Utajuaje?"

Anfal alifikiri. "Kompyuta inaweza kunitolea majina ya wote ambao tarehe zao zinasomeka pande mbili. Lakini ipi imepinduka na ipi haijapinduka, haijui. Mpaka tuangalie karatasi. Kila aliyepimwa na mashine ana karatasi yake kwenye jalada."

"Basi toa hayo majina," Sista alisema. Hakupandisha sauti. Alichukua simu yake, akampigia Dokta Elimringi, ambaye asubuhi huwa kwenye hospitali nyingine, akamweleza kwa maneno machache. Kisha akamsogezea Anfal simu sikioni.

"Wale ambao siku yao imeshapita," daktari alisema. "Hao kwanza. Mengine nikija. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Dokta."

Aliandika amri mpya, vidole vikikosea herufi kila mara. Nionyeshe kila mstari ambao siku na mwezi vyote haviziki kumi na mbili. Akakuta ameandika "haviziki" hata kwenye maelezo yake mwenyewe, akafuta, akaandika "havizidi". Ondoa zile ambazo namba zake zinalingana, kwa maana tarehe tano mwezi wa tano hata ukiipindua inabaki ile ile. Acha miadi ya mwaka huu tu. Yakatoka majina mia moja thelathini na nane.

Wakayaendea makabati. Sista alisoma majina, Anfal akavuta majalada, wakayapanga sakafuni kwa sababu meza haikutosha. Kila walipofungua jalada walitafuta kipande cha karatasi laini chenye picha ya mtoto na maandishi madogo ya mashine. Lisilokuwa nacho lilirudi kabatini. Mpaka saa tano walikuwa wamebaki na majalada arobaini na moja. Kati ya hayo, tisa yalikuwa ya kina mama ambao siku yao ya kurudi ilikuwa imeshapita.

Walianza kupiga simu. Wa kwanza alisema aliona ajabu lakini akafuata meseji. Wa pili alikuwa ameshakwenda kliniki nyingine. Wa tatu alimtukana Anfal, na Anfal akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba aje leo. Wa tano alikuwa Mbagala, akasema anapanda gari sasa hivi. Kati ya simu moja na nyingine Anfal hakuweza kukaa. Alizunguka meza, akazungusha pete kidoleni, akachungulia dirishani, akarudi. Mpaka saa saba wanane walikuwa wamepatikana. Wanne walishafika, wamekaa kwenye benchi.

Wa tisa hakupatikana. Kila walipopiga, ile sauti ya kike isiyokasirika iliwaambia namba wanayopiga haipatikani kwa sasa.

Jalada lake lilikuwa jembamba. Zulekha, miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Lindi. Mtoto mmoja, miaka sita. Mahali pa kazi: Mchikichini, viatu. Kwenye karatasi ya mashine iliandikwa 05/07/2025, na nje ya jalada, kwa kalamu nyekundu, Sista mwenyewe alikuwa ameandika O NEGATIVU.

Sista aliziona zile herufi nyekundu, akaisoma karatasi mara ya pili.

"Huyu ilikuwa aje tarehe saba mwezi wa tano," alisema. "Sisi tumemwambia tarehe tano mwezi wa saba."

"Alikuwa anakuja kufanya nini?"

"Kuchoma sindano ya anti-D. Damu yake ni negativu, ya mume wake ni positivu. Mtoto akichukua ya baba, na damu ya mtoto ikaingia kwa mama hata matone machache, mwili wa mama unaiona ni adui. Unatengeneza kinga za kuishambulia. Kinga hizo zinavuka kuingia kwa mtoto, zinakula damu yake. Kama siyo huyu, basi wa baadaye. Na mama mwenyewe hasikii kitu. Hana homa, hana maumivu. Anatembea na hilo tatizo tu."

"Wiki mbili zimepita."

"Wiki mbili, mtu akiwa ametulia, hazijaharibu. Tunaweza kumchoma leo. Ninachoogopa ni kama amejigonga, au ameanguka, au ametoka damu. Hapo sindano ni lazima ndani ya saa sabini na mbili, basi."

Anfal alishachukua mkoba wake. "Nakwenda Mchikichini."

"Utampata wapi? Soko lile lina watu kama siafu."

"Nitauliza."

Alichukua bodaboda mbele ya kliniki. Mvua za masika zilikuwa bado hazijaisha vizuri, na barabara ilikuwa na madimbwi yenye rangi ya chai ya maziwa. Walikwenda vizuri kwa dakika mbili, kisha wakakuta malori mawili yenye makontena kutoka bandarini yamebanana kwenye kona, moja linataka kupita, lingine haliwezi kurudi. Dereva wa bodaboda alijaribu kulia, akajaribu kushoto, akazima injini.

"Dada, hapa tusubiri kidogo."

"Siwezi kusubiri."

Alimlipa, akashuka, akalikusanya baibui lake kwa mkono mmoja na kukimbia. Aliruka mfereji, akapita kati ya meza za vifuniko vya simu, akamgonga mtu aliyebeba mito kichwani, akaomba radhi bila kugeuka. Viatu vilijaa maji. Kila hatua alikuwa akirudia moyoni, saba mwezi wa tano, tano mwezi wa saba, mpaka maneno yakapoteza maana, yakabaki mlio tu.

Mchikichini palikuwa pamechangamka. Watu walikuwa wamefungua mabelo mapya ya mitumba, na wauzaji wamesimama juu ya meza wakirusha nguo hewani na kuimba bei. Anfal alimuuliza mama wa kwanza aliyemwona.

"Zulekha? Zulekha yupi? Wa sketi?"

"Wa viatu. Ana mimba."

"Nenda mbele, kata kushoto kwenye mashuka."

Alikata kushoto kwenye mashuka. Akaelekezwa kwa Zulekha, akamkuta bibi mwenye miwani anayeuza mikoba. Shikamoo. Marahaba. Huyo hakuwa yeye. Akarudi nyuma. Vichochoro vilifanana vyote, turubai zile zile za bluu, tope lile lile. Mara mbili alijikuta mbele ya muuza mikanda yule yule, ambaye mara ya pili alimwuliza kama amepotelewa na mtoto. Anfal akatikisa kichwa, akashika njia nyingine.

Mwishowe alifika kwenye upande wa viatu. Mtu mmoja wa makamo, aliyekuwa anasugua raba nyeupe kwa mswaki, alijitambulisha kuwa ni Shomari na kuuliza, "Unamtaka Zulekha wa viatu vya watoto? Una shida gani naye?"

"Natoka kliniki."

Shomari aliacha mswaki. "Afadhali umekuja. Yule tangu juzi hayuko sawa, ila mbishi. Yule pale."

Zulekha alikuwa amekaa juu ya belo ambalo halijafunguliwa, mguu mmoja ameunyoosha, mbele yake viatu vidogo vidogo vimepangwa jozi jozi. Alikuwa mwembamba, tumbo lake limetangulia mbele. Alimtazama Anfal, mwenye tope mpaka magotini, kwa mshangao.

"Dada Zulekha, samahani. Mimi naitwa Anfal, natoka Kliniki ya Tulizo. Tumekupigia simu tangu asubuhi."

"Simu imekufa. Imeingia maji."

"Unatakiwa kliniki leo. Sasa hivi, kama inawezekana."

"Leo?" Zulekha akakunja uso. "Mbona mimi nimeambiwa mwezi wa saba? Kadi yangu ilisema mwezi huu, nyinyi mkatuma meseji mkasema tarehe tano mwezi wa saba. Nikapiga simu kuuliza. Dada mmoja akanijibu, fuata meseji, mfumo ni mpya. Nikafuata. Leo wewe unakuja unaniambia leo. Nimwamini nani?"

Anfal alikumbuka ile simu. Asubuhi ya pilikapilika, simu begani, mkono kwenye kibodi, sauti ya mwanamke inayouliza kwa adabu. Alikuwa ametazama kioo cha kompyuta, akajibu, akakata. Haikufika nusu dakika.

"Yule dada ni mimi," alisema. "Na tarehe niliiharibu mimi. Niliandika maelekezo ya kompyuta kubadilisha tarehe za watu wote, ikaisoma ya kwako kinyume. Wewe ulikuwa sahihi, kadi yako ilikuwa sahihi. Ulipiga kuuliza na mimi nikakupotosha. Sina la kujitetea. Lakini naomba twende, tafadhali."

Zulekha aliokota kiatu kimoja, akakifuta vumbi lisilokuwepo.

"Shomari amesema tangu juzi hauko sawa," Anfal akaendelea. "Imekuwaje?"

"Niliteleza. Juzi asubuhi, kama saa mbili, nafungua turubai, limejaa maji ya mvua. Nimeanguka kwa ubavu, simu ikaenda kwenye dimbwi." Akashusha sauti. "Mchana nikaona damu. Kidogo tu, kama tone. Ikakata. Mume wangu, Nurdin, akasema twende hospitali. Nikamwambia kliniki wenyewe wamesema kila kitu mpaka mwezi wa saba, kungekuwa na hatari wangenisogeza mbele hivyo?"

Anfal alihesabu vidoleni. Jumatatu saa mbili asubuhi. Jumanne saa mbili. Leo saa mbili. Sasa ilikuwa inakaribia saa nane mchana. Alimpigia Sista, akamweleza kwa pumzi moja.

"Mlete," Sista alisema. "Asitembee. Mlete kwa bajaji, na usikae foleni ya mtu yeyote."

Shomari ndiye aliyekwenda kuita bajaji na kumwahidi Zulekha kwamba viatu vyake atavitazama. Njiani Zulekha aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo. Walipokwama kwenye msongamano Anfal alichungulia nje mara kumi, akamwomba dereva apite huku, apite kule, mpaka dereva akamwambia dada, hata mimi nina macho. Zulekha akamgusa mkono.

"Tulia basi. Unanitia hofu."

"Samahani."

"Mtoto anacheza," Zulekha akasema. "Tangu asubuhi anacheza. Hebu weka mkono." Kisha, kabla Anfal hajafanya lolote, akabadili mawazo na kugeukia barabara.

Dokta Elimringi alikuwa ameshafika. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, na alipopita mapokezi hakumtazama Anfal. Alimpima Zulekha kwa mashine. Moyo wa mtoto ulisikika mpaka nje, mwepesi, wa haraka. Kondo la nyuma lilikuwa mahali pake. Sista alitoa damu kwanza, ili maabara waangalie kama kinga zimeshatengenezwa, kisha akatoa sindano kwenye friji na kumchoma. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

"Kama zimeshatengenezwa, sindano hii haizifuti," daktari alimwambia Zulekha, akiongea polepole ili aelewe. "Kama hazijatengenezwa, inazizuia. Majibu Ijumaa. Sitaki kukudanganya."

"Na zikiwa zimeshatengenezwa?"

"Tutakufuatilia kila wiki mbili, na mtoto akionekana anapungukiwa damu tutakupeleka hospitali kubwa, huko wanaweza kumwongezea damu akiwa bado tumboni. Njia ipo. Lakini ni ndefu."

Zulekha alifunga kanga yake vizuri, akasema ahsante kwa daktari na kwa Sista. Kwa Anfal hakusema kitu.

Wagonjwa walipoisha, daktari alimwita Anfal ofisini.

"Saa tano nilikuwa nimeamua kukufukuza," alisema. "Sista amekataa. Ameniambia ungeweza kunyamaza na tusingejua. Ni kweli?"

"Ni kweli. Na nilifikiria kunyamaza, Dokta."

Daktari alisogeza kiti karibu na meza. "Kwa nini hukuniuliza, siku ile zilipogoma? Mistari mia sita. Mimi ndiye niliyeingiza tarehe zile. Ningekwambia kwa neno moja kwamba mashine inaanza na mwezi."

Anfal alikuwa ameona kompyuta inagoma, akatafuta namna ya kuinyamazisha. Haikumjia kwamba nyuma ya kila mstari kuna mtu wa kuulizwa. Alisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo, na daktari akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa kukubali wala kukataa.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Alhamisi aliandika skripti upya. Safari hii faili za mashine zilipewa amri zake na za mapokezi zake. Za asili zilibaki kama zilivyo, mabadiliko yakaenda kwenye faili mpya. Na tarehe yoyote yenye utata skripti haikuigusa, iliiweka pembeni kwenye orodha ili mtu aende akafungue jalada. Zile zilizokwisha kuharibika alizirudisha moja moja kwa mkono, karatasi mbele yake, Sista akimsomea. Aliwapigia simu wale thelathini na wawili ambao siku zao zilikuwa bado. Wengi walishukuru. Wawili walisema hawarudi tena, na akawaandikia barua ili waendako wasianze upya.

Kazi haikumtuliza. Nyumbani mama yake alimwambia anakula kama mtu anayewahi basi. Baba yake, mzee Ubeid, aliuliza kama kuna mtu amemkosea huko kazini. "Mimi ndiye niliyemkosea mtu," alijibu, akaondoka mezani.

Ijumaa majibu yalikuja saa sita, kabla ya sala. Mtu wa maabara alimkabidhi bahasha Sista, na Sista akaifungua akiwa amesimama. Anfal alimtazama midomo.

"Hamna," Sista alisema. "Hazipo. Damu yake safi."

Anfal aliingia chooni, akafungua bomba ili asisikike.

Zulekha alirudi kila alipotakiwa, Juni mara mbili, Julai mara mbili, na kila mara alimwuliza Sista mwenyewe tarehe ya kurudi, akaiandika kwa mkono wake. Anfal alimsalimia, naye aliitikia kwa heshima, basi. Tarehe ishirini na nane Julai alijifungua mtoto wa kike hospitalini. Damu ya mtoto ilipopimwa ilikutwa ni O positivu, kama ya Nurdin. Zulekha akachomwa sindano ya pili kesho yake.

Mwezi wa nane, asubuhi moja yenye jua, alipanda ngazi za kliniki amembeba mtoto, Nurdin nyuma yake na mfuko wa nepi. Sista alimwita ndani haraka kwa sababu kulikuwa na nafasi. Nurdin alikuwa ameshikwa na simu ya kazini, anaitwa bandarini, anaongea kwa sauti kwenye ngazi. Zulekha akatazama kulia na kushoto, kisha akamtazama Anfal.

"Mshike kidogo," alisema.

Anfal alinyanyuka, akafuta mikono yake kwenye baibui. "Mimi?"

"Kuna mwingine hapa? Shika kichwa vizuri. Bado sijakusamehe sawasawa, usije ukadhani. Lakini ulikuja mpaka sokoni na tope lile."

Akampa, akaingia kwa Sista, mlango ukafungwa. Anfal alisimama nyuma ya kaunta, akiogopa hata kukaa. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyotegemea, ana joto, ana harufu ya mafuta ya nazi. Simu ya mapokezi iliita, ikakata, ikaita tena. Mama mmoja kwenye benchi alisema, "Dada, pokea tu, nikushikie," na Anfal akasema hapana, huyo anayepiga atapiga tena. Mtoto alipiga chafya, akafungua macho kidogo, akalala.